Mkutano wa Kusoma, Bure

Chumba cha nyuma cha maktaba ya mji wetu wa Busia, upande wa Uganda, kilikuwa kimebakiza siku chache kigeuzwe stoo ya saruji, na mtu wa kukiokoa nilikuwa mimi. Sijitutumui. Hakukuwa na mwingine. Dada anayetunza maktaba ile, mzaliwa wa Nabuyoga, alikuwa ameshakata tamaa na alikuwa akitumia chumba hicho kuanika njugu zake. Ofisa wa mji naye alikuja na pikipiki yake, akakagua kuta, akapima mlango kwa macho kama upana wake unapitisha toroli, kisha akatugeukia.

"Nitapita Jumamosi saa tano," akasema. "Nikikuta watu wanasoma, chumba ni chenu. Nikikuta viti vitupu, Jumatatu naleta saruji. Na nikikuta ibada, nafunga siku hiyo hiyo. Sitaki tena mambo ya ibada humu."

Hilo la mwisho lilikuwa na sababu. Kabla sijarudi nyumbani, kikundi kimoja cha maombi kiliazima chumba kile kwa saa moja na kikakaa miezi. Walileta ngoma, wakaleta kinanda, wakaleta na vipaza sauti viwili vilivyotazama zahanati ya jirani. Wagonjwa walilalamika, wauguzi wakalalamika, na tangu hapo ofisi ya mji haikutaka kusikia neno haleluya likitoka kwenye jengo la vitabu.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "mimi nina diploma ya maendeleo ya jamii. Jumamosi utakosa pa kusimama."

Diploma hiyo niliipata Uingereza, katika mji mmoja wa baridi kali. Nilikwenda huko bila mjomba wa kunipokea wala rafiki wa kunionyesha njia. Mchana nilikuwa nikihudumia wazee wasiojiweza, nikiwaogesha na kuwalisha uji wao usio na sukari. Jioni nilikuwa darasani. Watu wengi walioondoka hapa pamoja nami walirudi na masanduku ya nguo na viatu. Mimi nilirudi na karatasi yenye muhuri. Iko sebuleni kwangu Dabani, ndani ya kioo, mahali ambapo wengine hutundika saa. Bado watu huniita mtu wa kyeyo, yaani mtu wa ufagio, maana ndivyo tunavyowaita wote waliokwenda kufanya kazi ng'ambo. Nimewaeleza mara nyingi kwamba sikushika ufagio. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wanauliza kule mshahara wa kufagia ukoje.

Nilichokuwa nataka kukifanya nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Katika mji ule wa baridi kulikuwa na maktaba ya umma, na kila juma watu walikutana humo bure. Huulizwi unatoka wapi wala unafanya kazi gani. Unaketi, unafungua kitabu, wote mnasoma kimya kwa muda, halafu mnakunywa chai na anayetaka kuzungumza anazungumza. Nilijiambia: kitu rahisi namna hii, kitashindikanaje Busia?

Tangazo nililiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa kuwa mpaka huu una lugha nyingi kuliko ng'ombe na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sote sokoni. Niliandika kwa herufi kubwa: MKUTANO WA KUSOMA. BURE. WOTE KARIBUNI. Nikabandika nakala sokoni, stendi, na karibu na kivuko cha wanaotoka upande wa Kenya. Halafu nikafanya jambo ambalo mtu asiye na elimu ya jamii asingelifikiria: nikaomba makanisa yalisome tangazo langu siku ya Jumapili, baada ya ibada, pamoja na matangazo ya harusi na matanga. Ukitaka kuwapata watu wa Busia wote kwa mpigo, wapate Jumapili kabla hawajatawanyika.

Katekista wa kwanza alilisoma tangazo mara mbili, mara ya pili polepole. "Bure?" akaniuliza.

"Bure kabisa."

"Hata kapu halipiti?"

Sikuelewa kapu gani. Nikamjibu kwamba hakuna cha kapu wala cha mfuko, mtu aje na nafsi yake tu. Akanitazama kwa mshangao mkubwa, akaniambia mimi ni mtu wa ajabu. Nilichukua hilo kuwa sifa.

Jumamosi ilipofika nilikuwa nimeshapanga viti kwa duara, kama kule. Dada wa maktaba alikuwa ameondoa njugu, ila harufu yake ilibaki. Nilitarajia vijana wa sekondari, pengine na walimu wawili watatu. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitenge kipya, anayeleta mukene, wale dagaa wetu wadogo, kutoka Majanji na kuwauza jumla hapa mjini. Nyuma yake walikuja akina mama wengine, wengi, wakifuatana kama wanaoingia harusini, na wazee kadhaa wenye koti. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Na kila mmoja alikuwa na kitabu chake mkononi!

Nashindwa kueleza furaha niliyokuwa nayo. Kule ng'ambo watu walikuja mikono mitupu wakategemea rafu za serikali. Hapa, watu wanaodhaniwa hawapendi vitabu wamekuja na vyao, vingine vimefungwa kwa plastiki visiingie mvua. Mama mmoja alikuwa na chupa ya maji ameibeba kwa mikono miwili. Nikamsifu kwa kujiandaa, maana kusoma kunakausha koo. Akainamisha kichwa kwa heshima, akaiweka chupa hiyo karibu na miguu yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna kitu sikijui.

"Mwanangu," akasema mama wa mukene, akishaketi mbele kabisa, "tunaanza na wimbo gani?"

"Wimbo?"

"Ama huku hakuna wimbo?"

"Leo tutasoma tu, mama. Kimya kimya."

Minong'ono ikazunguka duara lote. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hii iko dini ya kimya. Nimesikia ziko huko kwa wazungu." Mwenzake akajibu, "Afadhali. Ile yetu inatuua masikio."

Dini? Niligeuka nikamtazama dada wa maktaba. Alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, mabega yakimcheza. Nikamfuata nyuma ya rafu.

"Wewe, unacheka nini?"

"Kaka, umewaita watu kusoma."

"Ndiyo, nimewaita kusoma. Hii si maktaba?"

"Kusoma, kaka. Kusoma." Akalisema kana kwamba nilikuwa kiziwi. "Hawa wazee wa huku, Jumapili asubuhi ukimkuta njiani umemuuliza anakwenda wapi, anakuambiaje?"

Hapo nikakumbuka. Anasema anakwenda kusoma. Ndivyo walivyosema siku zote. Wamisionari wa kwanza walipokuja, dini na herufi zilifika katika mfuko mmoja, na aliyebatizwa aliitwa msomaji. Mpaka leo, kwa wazee wetu wa mashambani, kwenda kusoma ni kwenda kanisani, na mtu ambaye hajui a wala be anaweza kukuambia bila uongo kwamba amesoma maisha yake yote. Nilikua nikilisikia neno hilo. Kule ng'ambo sijui lilinidondoka wapi.

"Na mkutano," dada akaendelea, akifuta machozi, "ni ule wa Injili, wa uwanjani. Na ukasema ni bure. Banange! Umewaita kwa mkutano wa Injili usio na sadaka, halafu unashangaa wamejaa?"

Nilichungulia kupitia vitabu. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa na wengine walikuwa wakitandika mikeka. Ilikuwa saa nne na nusu. Ofisa angefika saa tano.

Nataka msomaji aelewe nilivyobanwa. Nikiwaambia ukweli, watainuka waende zao, ofisa akute viti vitupu, na saruji iingie. Nikiwaacha, wataimba, wataomba, maji yatabarikiwa, ofisa akute ibada, na afunge mlango mbele ya macho yangu. Chumba kimejaa na chumba kimepotea kwa wakati mmoja. Katika masomo yangu yote hakukuwa na mada iliyoitwa hivyo.

Nikiwa bado nyuma ya rafu nikasikia sauti ya kiume mlangoni.

"Hodi! Aki samahani, hii ni library ama ni kanisa? Mniambie mapema nijue kama naketi."

Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka upande wa Kenya, muuza mitumba anayevuka kila siku na mzigo wake. Alikuwa ameona tangazo langu kivukoni.

"Ni maktaba," nikasema, nikijitokeza.

"Ni kusoma," akasema mama wa mukene wakati huo huo.

"Sawa basi," akasema Mkenya, "kwani si ni kitu kimoja?" Akaenda kwenye rafu, akachomoa kitabu kinene cha injini za dizeli kilichokuwa hakijaguswa tangu kiletwe, akaketi kwenye mkeka kati ya bibi wawili waliomsogezea nafasi na kukitazama kitabu chake kwa wasiwasi. Mmoja akamuuliza kama hilo ni Agano Jipya. Akamwambia ni Jipya sana.

Sikuwa na mpango. Nasema hivyo japo mimi ni mtu wa mipango. Nilisimama katikati ya duara, nikasema kwa sauti niliyoitumia kule kuwatuliza wazee waliokataa dawa:

"Wazazi wangu, karibuni. Utaratibu wa hapa ni huu. Kila mtu afungue kitabu chake. Hakuna kuimba, hakuna kupiga makofi, hakuna kusema kwa sauti. Tunasoma ndani ya moyo. Mpaka nitakaposema basi."

"Na maji yangu?" akauliza yule mama wa chupa.

"Maji yatasubiri."

"Yatasubiri yakiwa wazi ama yamefungwa?"

Sikujua jibu sahihi. "Yamefungwa," nikasema, na inaonekana lilikuwa jibu zuri, kwa sababu aliitikia kwa kuridhika.

Wakafungua vitabu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakainamisha vichwa na kufumba macho.

Nilitaka kuwaambia wafumbue. Mtu atasomaje amefumba? Lakini kukawa kimya, na kimya kile kikanizuia. Nje malori ya mpakani yalikuwa yakinguruma kwenye foleni yao ya kila siku, mtu akinadi chapati na mayai, na ndani hakukuwa na sauti isipokuwa Mkenya akifungua kurasa za injini zake. Baadhi ya akina mama walikuwa wameweka kidole juu ya mstari ingawa macho yamefumba. Mzee mmoja alikuwa ameshika kitabu chake kichwa chini miguu juu. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Sijui kama alikuwa akisema anachokijua kwa moyo, au akisema na Mungu, au akihesabu mbuzi wake.

Nikaketi. Na hapo kikanijia kitu ambacho sikukitarajia. Nilikumbuka nilivyoingia mara ya kwanza katika ile maktaba ya ng'ambo. Sikuingia kusoma. Niliingia kwa sababu kulikuwa na joto ndani na hapakuwa na mlinzi wa kuniuliza. Nikachukua kitabu, nikakiinamia, nikakaa hivyo muda mrefu bila kugeuza ukurasa, nikiwaza mvua ya Dabani na mama yangu. Aliyeniona alisema moyoni, tazama mtu yule anavyosoma. Na nilikuwa nafanya nini? Mpaka leo sijapata neno lake. Nilipotoka nilikuwa nimepona kidogo. Nikarudi juma lililofuata, na lililofuata, na baadaye nikaanza kweli kusoma, na diploma ikatoka humo. Lakini mwanzo ule ulikuwa nini?

Nilikuwa bado nalizungusha swali hilo niliposikia pikipiki ikizima.

Ofisa aliingia akiwa tayari amekunja uso. Akaona viatu mlangoni. Akaona chumba kimejaa mpaka ukutani, watu wameinama, kimya. Nilimwona akisita. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri katika nchi hii angekifanya: akavua kofia, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa naye, akangoja.

Akangoja. Sikuthubutu kusema "basi." Nikisema basi, watafumbua macho waulize wimbo. Akina mama wakaendelea. Ofisa akapumzisha mguu mmoja, akaubadilisha. Akakohoa kidogo. Akafungua jicho moja, akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Hatimaye subira ikamwishia, na kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kufunga vikao, akasema:

"Amina."

"AMINA!" chumba chote kikaitika, kuta zikatetemeka, na mama wa mukene akaongeza na kigelegele.

Ofisa akarudisha kofia kichwani. "Nilikuambia nini?" akaniuliza. "Nilikuambia nini kuhusu ibada humu?"

"Mheshimiwa, hii si ibada. Huu ni usomaji wa pamoja wa kimya, ni njia inayotumiwa katika nchi zilizoendelea ili..."

"Watu wamefumba macho!"

"Ni... wanatafakari walichosoma."

"Nyote mmefika kufanya nini hapa?" akawauliza watu.

"Kusoma!" wakajibu.

"Unaona?" nikasema.

"Unaona?" naye akasema. Tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tumeshinda kwa jibu lile lile. "Bwana, kusoma kwao mimi nakujua. Mama yangu pia anasoma kila Jumapili. Ninafunga chumba."

Hapo mama wa mukene akasimama. Hakuharakisha. Alijifunga kitenge upya kwanza, na watu wakamwachia nafasi.

"Mheshimiwa, mwanangu," akasema, "umeingia hapa umesikia mtu anaimba?"

"Hapana, mama."

"Umesikia ngoma?"

"Hapana."

"Umesikia mtu yeyote ametaja jina la Mungu?"

Ofisa akafikiri. "Hapana."

"Sisi tumenyamaza tangu huyu mtu wa kyeyo alivyotunyamazisha. Tumekatazwa hata kukohoa. Katika chumba hiki aliyeomba ni mmoja tu." Akamnyooshea kidole. "Amina ilikuwa ya nani?"

Kicheko kilichopasuka humo sijakisikia kingine mfano wake. Bibi mmoja alilala kwenye mkeka. Mkenya akapiga kitabu cha injini gotini. "Hapo umeshikwa, boss! Wewe ndiye ulileta ibada!"

"Ufungiwe wewe," akasema mwingine kutoka nyuma.

Ofisa alijaribu kubaki na ule uso wake lakini ukamponyoka, akacheka mpaka akashika ukingo wa rafu. Halafu akamgeukia Mkenya. "Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nasoma injini. Pampu ya dizeli."

"Na wewe, mama?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Mheshimiwa," akasema mama wa mukene kwa upole wa kutisha, "na wewe unasomaga mara ngapi?"

Sikujua alimuuliza kusoma kupi. Ofisa, nadhani, alijua, au alijua yote mawili, maana alitazama chini. Alizunguka chumba polepole, akaona Biblia, akaona vitabu vya nyimbo, akaona kitabu kimoja cha hesabu za darasa la nne ambacho mzee mmoja alikuja nacho kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa nyumbani kwake. Akarudi mlangoni. Saruji, akasema, itatafutiwa pengine. Lakini kabla hajaondoka anataka kuona mlangoni pameandikwa wazi shughuli inayofanywa humu, kwa neno moja, ili mkubwa wake akipita asiulize maswali.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Andika."

Dada wa maktaba akanipa chaki. Nikasimama mbele ya ule mlango wa mbao, watu wote nyuma yangu. Niliwaza MAKTABA, lakini lilikuwa tayari limeandikwa mlango wa mbele. Nikawaza MKUTANO, nikaona ngoma zinarudi. Niliwaza maneno mazuri niliyofundishwa, yale ya jamii na ushirikishwaji, na hakuna hata moja ambalo mama wa mukene angelitambua kuwa ndilo alilokuja kulifanya. Na mimi mwenyewe, nilikuwa nimelijua? Mkono ulikuwa hewani na vumbi la chaki likinishukia kwenye shati.

"Anatafuta nini huyu?" nikasikia bibi akiuliza.

"Ng'ambo wanaandikaga Kizungu," mwenzake akamweleza. "Inampa shida."

"Andika KUSOMA, tuende nyumbani," akasema mama wa mukene.

Nikaandika KUSOMA. Ofisa akalitazama, akasema sasa hivyo ndivyo, akawasha pikipiki. Akina mama wakalitazama wakasema, eee, vizuri, wakavaa viatu. Mkenya aliuliza kama anaweza kuondoka na kitabu mpaka Jumamosi. Kila mmoja aliridhika na neno lile, na nilikuwa na hakika kila mmoja alikuwa ameridhika na jambo lake.

Yule mama wa chupa alikuwa wa mwisho. Alisimama kando yangu, akaninyooshea maji yake.

"Sasa yako tayari?" akauliza.

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo kamili, yaliyopangika, na lugha ya kuyasema. Nikaipokea chupa, nikaishika kidogo kwa mikono miwili kama alivyokuwa ameishika yeye, nikamrudishia.

"Yako tayari, mama," nikasema.

Akanishukuru, akaenda zake. Nami nikaingia ndani kupanga viti vya Jumamosi nyingine, nisijue kama nivipange kwa duara au kwa safu.